Kilio Nilichomtafutia Mama

Jirani yangu amepanda pareto tena. Kwa miaka mingi zao hilo lilikuwa limepotea huku kwetu upande wa Ekerenyo. Watu waling'oa wakapanda chai, na wengine wakapanda mikaratusi. Sasa inasemekana bei imerudi, naye amejaza shamba dogo lililo kando ya njia niipitayo nikienda kanisani. Sabato iliyopita nilipita pale jua likiwa limeanza kuyapasha yale maua, harufu ikanishika koo. Nyinyi wa rika langu mnaijua harufu hiyo. Ni kali, kama majani yaliyopondwa yakachanganywa na vumbi, na ukikaa nayo sana pua inawasha. Nilishika uzio wa jirani nikasimama. Kijana mmoja akaniuliza, "Mzee, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Nilikuwa nimemwona mama yangu, ameketi kwenye kigoda mlangoni, na nyuma yake shamba zima la pareto limekaukia juu ya mashina bila mtu wa kulichuma.

Mama aliitwa Kemunto. Kabla sijaeleza habari ya kigoda hicho, sina budi kueleza kifo cha mdogo wangu, kwa sababu kifo hicho ndicho kilichonifundisha vibaya.

Mdogo wangu alichukuliwa na surua. Mama alilia. Sisemi alitokwa na machozi. Nasema alilia, kilio cha wakati ule, cha kujitupa chini na kumwita marehemu kwa jina hadi watu wa ng'ambo ya mto wakasikia. Wanawake walimshika mikono akawaponyoka, wakamshika tena. Alimuuliza yule mtoto kwa nini ameondoka na kuacha uji wake. Nilimwogopa siku ile. Baada ya mazishi akanyolewa nywele, wanawake wakakaa naye, chakula kikaja kutoka kila nyumba ya kilima chetu. Kisha asubuhi moja alichukua kikapu akaingia kwenye pareto. Alichuma huku analia. Jirani yetu Mama Kerubo, mwanamke mfupi ambaye mdomo wake haukujua mapumziko, akaja kuchuma karibu naye. Akaanza kumwiga mzee wa kanisa alivyopiga chafya katikati ya maombi, sababu alikuwa ametoka kuanika pareto na hakunawa mikono. "Baba yetu uliye... chaah! Uliye mbi... chaah!"

Mama akacheka. Alicheka machozi yakiwa bado mashavuni.

"Wewe mwanamke, utanipeleka motoni."

"Twende wote," akasema Mama Kerubo. "Angalau kule kuna joto. Huku Ekerenyo tutakufa kwa baridi."

Nilikuwa chini ya mstari wa maua nikiokota yaliyodondoka, nikayasikia yote. Nikajiwekea somo: huzuni ni kama moshi wa kuni mbichi. Fungua mlango, utoke kwa kilio, halafu nyumba inakalika tena. Kwa kiasi fulani lilikuwa somo la kweli. Mama hakumsahau yule mtoto, lakini alirudi kwetu. Alinigombeza, aliimba, alinidanganya kwamba mboga ya saga haina uchungu.

Huzuni ile nyingine ilikuja bila sababu, na ndiyo maana hatukuijua. Ulikuwa wakati mzuri. Baba, aliyefanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, alikuwa ameezeka nyumba yetu mabati, ya kwanza kilimani petu. Watoto walikuja mvua ikinyesha kusikiliza tu inavyopiga. Miche yetu ya chai ilikuwa imeanza kuchumwa. Dada yangu Nyaboke alikuwa ameanza kutembea. Hapo ndipo mama alipoanza kukaa.

Mwanzoni alikaa kidogo tu. Alitoka na kikapu, akafika mwanzo wa shamba, akarudi. "Nimechoka," alisema. Kisha akawa hatoki. Nikimletea maji alikishika kikombe mpaka nzi wakazama ndani. Ndizi alizipika zikaungua, akatupakulia hivyohivyo, na yeye hakula hata hizo zilizoungua. Nyaboke alipolia, mama alimtazama kama mtu anayetazama mvua ya kijiji kingine. Mtoto ana akili: punde si punde akajifunza kwenda mwenyewe kwa Mama Kerubo akisikia njaa, akipepesuka njiani na kibuyu chake.

Sitaki mdhani alikuwa analia. Hakulia hata kidogo. Hilo ndilo lililonisumbua.

Wanawake walikuja. Walisimama uani wakijifuta mikono kwa leso.

"Kemunto, umefiwa na nani?"

"Sijafiwa."

"Mume amekupiga?"

"Hapana."

"Una mimba?"

"Hapana."

"Basi inuka! Pareto inaharibika."

"Nitainuka," mama alijibu, akabaki ameketi.

Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Ni mabati hayo. Yamempanda kichwani. Mwenye mabati hachafui mikono." Wengine wakacheka. Siwalaumu. Kwetu uchungu ulikuwa na taratibu zake zote: nani alale na aliyefiwa, nani achote maji, nywele zinyolewe lini. Kwa mtu asiyefiwa hapakuwa na utaratibu wowote. Palikuwa na "inuka" tu. Wazee wa kanisa walikuja wakaomba. Baba alipokuja alimpeleka kwenye zahanati, wakampa vidonge vyeupe vya kichwa kwa sababu alisema kichwa ni kizito. Baba akarudi Kericho. Angefanya nini? Kazi ilikuwa ya kuhesabiwa siku.

Mimi nikafikiri kwa akili yangu ya darasa la tatu. Niliona kwamba lazima kuna mtu amekufa na watu wazima wananificha. Nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikitafuta udongo mpya. Nikaona tuta dogo limeinuka, nikalichimba kwa jembe la mama. Lilikuwa tuta la fuko. Nikakaa pale chini nimeshika jembe, na kwa kweli nilisikitika kwamba hapakuwa na maiti.

Kwa maana kama hakuna aliyekufa, mama atalia kwa sababu gani? Na asipolia moshi utatokaje?

Mtaona wenyewe nilikokuwa ninaelekea. Nilitafuta mtu ambaye kifo chake kingefungua mlango. Baba nilimwondoa, nilimpenda. Nikamchagua Magokoro, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Ekegusii, mama yake mama, aliyeishi Birongo, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Nilikuwa nimemwona mara chache, na machoni pangu alikuwa mzee kiasi kwamba kumwua hakukuwa dhambi kubwa. Nilijizoeza maneno nikiwa nachunga mbuzi. Kisha mchana mmoja nikakimbia kutoka barabarani nikihema, jinsi nilivyowaona wajumbe wa misiba wakifanya.

"Mama! Mama, nimeambiwa barabarani. Magokoro wa Birongo amekufa."

Mama akaniangalia. Alikuwa na macho makubwa, mazuri. Nilingoja. Kuku akapita katikati yetu akidonoa.

"Sawa," akasema.

Akavuta mguu wake uliokuwa juani akauweka kivulini, akageuza uso ukutani.

Nimezeeka sasa, nimezika mke na nimezika rafiki, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nilipolisikia neno lile. Nilikuwa nimetupa jiwe kisimani na halikutoa sauti. Nilitaka kumwambia nimedanganya. Nilifungua mdomo. Lakini Mama Kerubo alikuwa nyuma ya ua, anamleta Nyaboke, na alikuwa amesikia. Akaachia ukemi. Ukemi ukapokelewa na nyumba ya chini, na ya pili yake, na kabla sijameza mate kilima kizima kilikuwa kinamlilia bibi aliye hai.

Wanawake wakajaa uani. Wakajitupa chini kumzunguka mama, wakimpa nafasi ya kuanza. Ilikuwa haki yake kuanza, ni mamake. Hakuanza. Alikaa kwenye kigoda katikati ya kilio kile kama nguzo ya lango, na kidogo kidogo sauti zikapungua, wakaanza kumtazama, kisha wakatazamana.

"Hata mamake mzazi!" mmoja akasema.

"Huyu ana jiwe kifuani."

"Kemunto, huoni haya?"

Nilikuwa nyuma ya ghala ya wimbi. Nimetaja uongo wangu, lakini kosa lenyewe ni hili: nilitaka kumfungulia mlango, nikamweka uani mbele ya watu wamhukumu. Mpaka siku ile walisema ni mvivu. Kuanzia siku ile walisema si mtu. Na sikutoka nyuma ya ghala.

Kulipopambazuka Mama Kerubo na wenzake watatu walijitwika ndizi wakaenda Birongo kuzika. Yaliyotokea huko alinisimulia yeye mwenyewe, na alipenda kuyasimulia mpaka mwisho wa maisha yake. Walifika wakilia njia nzima. Wakaingia uani na kumkuta Magokoro ameketi kwenye mkeka anapepeta wimbi.

"Mnamlilia nani?" akauliza.

Mama Kerubo ndiye aliyepata ulimi kwanza. "Tunakulilia wewe, Magokoro."

Bibi akaweka ungo chini. "Basi endeleeni. Lieni vizuri nisikie, maana siku yenyewe sitakuwa na masikio."

Wakacheka mpaka wakaegemea ukuta. Akawatilia uji. Kisha, mikono ikiwa bado kwenye chungu, akageuka akawahesabu kwa macho.

"Na binti yangu yuko wapi?"

Wanawake wakainamia uji wao.

"Mmesema nimekufa. Nyinyi si damu yangu, mmekuja. Kemunto yuko wapi?"

Mama Kerubo alisema hapo ndipo kicheko kilipokwisha. Bibi hakuuliza nani alimzushia kifo. Aliingia ndani akatoka na fimbo na leso ya safari.

Alifika kwetu kesho yake jioni, miguu imejaa udongo mwekundu. Mama alikuwa palepale. Akainua macho, akamwona mama yake aliyekufa anaingia langoni.

"Umefika," akasema.

"Nimefika." Magokoro akajishusha chini mbele yake. "Kemunto. Ulisikia nimekufa?"

"Nilisikia."

"Na ukakaa?"

"Nilikaa. Sikuweza kuinuka, mama."

"Una uchungu gani, mwanangu? Niambie mimi."

Mama alifikiri. Ilimchukua muda, kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda gizani. "Si uchungu. Uchungu naujua, nilizika mtoto. Hapa hakuna kitu. Hata nikikuona hapo, hakuna kitu."

Bibi hakuwa na jibu. Nawaambia hivi kwa sababu katika hadithi mkongwe huwa na jibu. Alimshika kidevu, akamtikisa, akamwimbia wimbo wa utotoni, akamkaripia, akamwomba. Mwishowe akaomba maji akamwosha miguu, kisha akajiosha yake kwa maji yaleyale.

Ndipo akaniita. "Wewe ndiwe uliyeniua?"

"Ndiyo, Magokoro."

"Nilikukosea nini?"

"Nilitaka mama alie."

Aliniangalia sana. Hakunipiga. Wazee walimtoza baba kuku mweupe ili maneno yangu yasitimie, nikapata viboko vya kutosha kutoka kwa wengine. Bibi yeye alisema tu, "Hata mimi ningetaka." Akaenda kulala jikoni kwa Mama Kerubo, kwa sababu mama wa mke halali nyumba ya mkwewe.

Baba alipokuja mwisho wa mwezi kukawa na shida nyingine. Kwa heshima yetu tunayoiita chinsoni, baba hawezi kumkabili mama mkwe. Alipomwona uani alizunguka nyuma kama mwizi wa nyumbani kwake. Wakazungumza hivi: yeye upande huu wa migomba amegeuka mgongo, bibi upande ule amegeuka mgongo, nami nakimbia katikati na maneno yao.

"Mwambie nataka kumpeleka Birongo," alisema bibi.

"Mwambie watu watasema nimemfukuza," alisema baba.

"Mwambie najua hakumfukuza."

"Mwambie..." Baba alikuwa anavunja kijiti vipandevipande. "Mwambie sijui nilichomkosea. Mwambie nimejiuliza barabara yote ya Kericho."

Nikaenda nikasema hivyohivyo. Sikuongeza wala kupunguza neno, nilikuwa nimeogopa maneno kabisa. Bibi akajifuta uso. "Mwambie hakumkosea. Mwambie kama ningejua ni nini ningemwambia."

Wote wawili walisikiana vizuri bila mimi, migomba haizuii sauti. Lakini waliningoja niseme.

Mama akaenda Birongo, Nyaboke mgongoni mwa bibi. Tulipokuwa tunavuna wimbi alirudi. Sijui kilichomrudisha, na yeye hakujua. Aliniambia tu kwamba asubuhi moja alisikia harufu ya uji akautaka. Alirudi akang'oa mabaki ya pareto, akapanda upya. Wale wanawake walimsalimu kwa mashaka, naye akawasalimu. Habari ya jiwe kifuani haikuisha, ilipoa tu.

Na ile hali ikarudi. Ilirudi nikiwa darasa la saba, na tena baadaye. Siku hizi vijana wanaiita sonona, wauguzi wana maswali ya kuuliza na dawa za kujaribu, na nikisikia wakieleza redioni kwamba haihitaji msiba ili ije, natikisa kichwa peke yangu. Sisi hatukuwa na jina. Nilipokuwa mkubwa, nimeanza sekondari na kujiona msomi, nilimwambia mama, akiwa kwenye kigoda, "Mama, jikaze. Watu wana shida kubwa kuliko zako na wanaamka." Uongo wa utotoni naweza kujisamehe, mtoto alikuwa anatafuta dawa. Neno hilo la usomi sijapata pa kulipeleka. Alinijibu, "Kweli, mwanangu." Alikubali. Ndivyo alivyokuwa siku hizo. Ungemwambia hastahili kuishi, angekubali.

Habari ya Magokoro kuzushiwa kifo hatukuizungumza kamwe, mimi na mama. Niliamini haimo kichwani mwake. Alikuwa hayupo siku ile, nilijiambia. Alisema "sawa" kama mtu asemavyo usingizini.

Likizo moja nilitumwa sokoni Ekerenyo, nikamkuta mjomba kutoka Birongo ananitafuta. Nilipanda kilima polepole. Mama alikuwa kwenye chai, ni wakati aliokuwa mzima, vidole vyake vinaruka juu ya majani na kikapu mgongoni kimejaa. Nilisimama mwisho wa mstari.

"Nini?" akauliza bila kuacha kuchuma.

"Mama. Magokoro amefariki. Jana jioni."

Vidole vikasimama. Akageuka akaniangalia kwa macho yale makubwa, na nikaona kwamba alikuwa amekaa na siku ile ya uongo miaka yote hiyo, kila neno, kuku aliyepita, na mimi nikihema mbele yake.

"Safari hii ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

Akaendelea kunitazama, akitafuta usoni pangu. Nilimwacha atafute. Kisha akashusha kikapu, akakiweka chini vizuri majani yasimwagike, akaweka mikono kichwani na kulia. Kilio chake kilishuka bondeni na kupanda upande wa pili, na nyumba zikaanza kukipokea moja baada ya nyingine. Mimi nilisimama kwenye chai, nimefiwa, sijui mikono yangu niiweke wapi, na Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha.